Nahodha Archer kanikosesha usingizi

Usiku wa tatu huu niko darini, Langoni hapa Lamu, namalizia Star Trek: Enterprise, tamthilia ya runinga ya chombo cha anga kinachoongozwa na huyo Archer. Vipindi vyote 98!

Hadithi inatangulia zama za Kirk, nahodha wa Star Trek ya kwanza, kwa miaka mia hivi, na hapo ndipo penye utamu: chombo kipya, mabaharia wageni, hata mashine ya kuwahamisha kufumba na kufumbua wanaiogopa. Sisi wa majahazi twaijua hofu ya kutoka Shela kuingia bahari kuu mara ya kwanza.

Misimu miwili ya mwanzo imepwaya, kisa cha jana kimevishwa kanzu nyingine. Na kwa kuwa tushajua Shirikisho, ule muungano wa sayari, litaundwa, roho haidundi sana. Msimu wa tatu, wa vita na Xindi, viumbe wa sayari nyingine, ndio ulionikesha. Wa nne mtamu zaidi.

Lakini ule mwisho wa 2005, jamani! Kipindi cha kuagana wamemkabidhi Riker, afisa wa mfululizo mwingine wa Star Trek. Harusi yako, kitini kaketi bwana harusi wa jirani.

Bibi kapita kaniuliza, "We mwana, hao wenye masikio yaliyochongoka ni majini?" Nikamwambia ni Wavulcan, watu wa sayari nyingine. Kasoma Ayatul Kursiyyu, kenda kulala.