Mkomamanga umejaa maua ila matunda hamna? Tuangalie mkasi unapita wapi

Wadau leo tuongelee mkomamanga, maana hili swali naulizwa sana, mti umewaka maua mekundu mpaka majirani wanasifia halafu mwisho wa siku unachuma makomamanga mawili, tena madogo.

Kwanza tuelewane, sio kila ua ni tunda. Maua yako ya aina mbili, lenye kitako kinene ndo linashika tunda, na lile lenye kitako chembamba ni dume tu, litadondoka hata ufanyeje. Kwa hiyo ukiona maua yamejaa chini usianze kumtafuta mchawi.

Shida kubwa ninayoiona huku mitaani ni watu kupogoa kama wanapunguza uzio wa michongoma, mkasi unazunguka juu juu mti wote mpaka unakuwa duara, unapendeza kweli lakini hapo matunda umeshayakata, kwa sababu mkomamanga unazaa kwenye vijiti vifupi vilivyoota kwenye matawi yaliyokomaa ya miaka miwili mitatu hivi, na maua yanatokea kule nchani nchani. Ukikata ncha zote mti unakujibu kwa kutoa fito ndefu za majani matupu, msimu umeenda.

Anzia chini bwana. Mkomamanga kwa asili ni kichaka, maotea, yaani machipukizi yanayoota chini, hayaishi kuchomoza pale kwenye shina na yanakula chakula bure, yang'oe kwa mkono yakiwa bado machanga, ukiyakata juu juu yanarudi mengi zaidi. Baki na mashina matatu au manne. Kuna wanaotaka shina moja na ni kweli linapendeza na palizi inakuwa rahisi, ila mimi nipo upande wa wakulima wa Maharashtra kule India, wengi wanaacha mashina kadhaa, mdudu akitoboa moja likafa mengine yanaendelea. Kama mche ni mpya na unataka shina moja, kata kichwa ukifika sentimita 60 hadi 75, uchague matawi manne matano yaliyotazama pande tofauti.

Ndani toa yaliyokauka, yanayosuguana na yanayorudi katikati, mwanga na hewa vipite. Basi, hapo inatosha, usinogewe. Na vaa glavu, ile miiba haina utani. Mkasi ufute na spiriti kabla ya kuhamia mti mwingine kwa sababu kuna ugonjwa wa bakteria unaoleta madoa meusi kwenye majani na kupasua matunda, na mkasi mchafu ndo unausambaza. Vidonda vikubwa vya pale ulipokata paka mrututu (ile chumvi ya bluu ya shaba) uliochanganywa na chokaa.

Lini sasa? Nchi za baridi wanapogoa kipupwe mti ukiwa umepukutisha majani, sisi wa pwani mti uko kijani mwaka mzima so ni baada ya kuvuna na kukiwa kukavu, kwangu mimi Januari au Februari kabla masika haijaanza. Wahindi wao wanalazimisha, wanaunyima mti maji mpaka majani yanakuwa njano yanadondoka, wanapogoa kidogo, wanaweka mbolea, halafu wanarudisha maji taratibu na maua yanakuja kwa pamoja. Ila huo mchezo ni kwa mti mkubwa wenye afya, mche wa juzi utaukausha bure.

Yakishashika, penye matunda mawili matatu yaliyogandana acha moja, wadudu wanapenda kujificha pale kati. Na maji yawe ya mpangilio, ukiuacha na kiu wiki kadhaa halafu ukaumwagia mapipa, makomamanga yanapasuka yote mtini.

Zile fimbo ulizokata usizitupe, chagua zilizokomaa za unene wa penseli, urefu sentimita 20 hivi, chomeka kwenye viriba (vile vifuko vya kuoteshea miche) kivulini, zinashika mizizi kirahisi tu. Tena ni bora kuliko mbegu, maana mche wa mbegu unaweza kukuletea tunda tofauti kabisa na la mama yake.