Vikombe viwili vya maharagwe

Mwanangu wa pili alipokutwa na sikoseli, mama mkwe alisema kwao hakuna damu ya namna hiyo. Tukapimwa mimi na mume wangu: wote AS, yaani kila mmoja ana jeni moja ya sikoseli na moja nzima, bila kuugua. Nikasema hili jambo lazima nilijue mwenyewe, ingawa bayolojia niliiacha kidato cha nne na D yangu.

Nilianza vibaya. Nilikariri njegere za Mendel, yule mtawa aliyechunguza urithi: 5,474 laini na 1,850 zenye mikunjo, nisielewe zinanihusu nini. Mwanga niliupata jikoni. Kila kikombe nilitia haragwe moja jekundu, ndiyo jeni ya sikoseli, na moja jeupe, ndiyo jeni nzima. Kimoja cha baba, kingine cha mama. Nikafumba macho, nikachota moja huku na moja kule, nikarudisha, nikaandika. Mara mia. Mekundu mawili yalikutana mara 27, na kuna wakati yalifuatana mara tatu! Kumbe moja kwa nne haina maana kwamba ukishapata mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata wamepona. Kila mimba inachota upya.

Nilimpa mama mkwe vikombe achote mwenyewe. Akanyamaza, kisha: “Kwa hiyo mwanangu naye anayo?” “Anayo, mama. Sote wawili.”

Baada ya hapo vinasaba havikunitisha. Kwenye kromosomu ya 11, herufi za vinasaba GAG zimekuwa GTG. Herufi moja tu kati ya bilioni tatu, na himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, ikiiachia inashikana nyuzinyuzi, seli inapinda kama mundu. Mtafiti Anthony Allison alionyesha mwaka 1954, kwa utafiti wa Uganda na Kenya, kwamba mwenye AS ana kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana herufi hiyo haijatoweka kwetu.

Mwaka 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha Casgevy, tiba ya sikoseli inayotumia CRISPR, mbinu ya kuhariri vinasaba. Nilidhani inasahihisha ile herufi. Hapana: inazima swichi ya jeni ya BCL11A, ambayo ndiyo kizuizi, mwili urudie kutengeneza himoglobini ya mtoto aliye tumboni, ambayo haishikani. Marekani bei ni dola milioni 2.2, kwa hiyo nilifunga ukurasa. Kisha nikasoma kuwa hidroksiurea, dawa anayomeza mwanangu kila siku, nayo huongeza himoglobini hiyohiyo.

Kliniki iliyofuata nikamuuliza daktari, ya kwake imefika asilimia ngapi? Akanitazama, akafungua faili.