Karatasi ya pili

Jumamosi iliyopita alikuja kijana mmoja karakanani kwangu, hapa Magomeni, Mtwara. Alisimama pembeni akanitazama nikichomelea geti la mtu. Nilipovua miwani akasema, "Shikamoo kaka. Nimeelekezwa kwako. Wamesema wewe ulizaa Ujerumani."

Nimeitwa mengi mjini hapa, hilo lilikuwa jipya.

Mchumba wake Mjerumani alikuwa akijitolea kwenye shule moja upande wa Masasi. Amesharudi kwao, mimba ina miezi 6. Kijana anashughulikia viza. Swali lake kwangu lilikuwa baridi: kweli inafika hadi ndani ya mifupa? Nikamwambia baridi utainunulia koti. Ndoa mmefunga? Bado, watafunga mtoto akikua kidogo. Nikamsogezea kiti.

Nimeandika haya kwa sababu ni kijana wa tatu mwaka huu, na maelezo yangu yamekuwa marefu kuliko muda wa geti la mtu.

Binti yangu alizaliwa 2014, katika mji mdogo wa kusini mwa Ujerumani. Amepewa jina la mama yangu mzazi, kwa hiyo mimi namwita Mama. Jina la ukoo ni la mama yake, kwa kuwa hatukuwa na ndoa na kule ndivyo inavyokwenda wazazi wasipopanga vingine. Mimi nilikuwa kwenye kiwanda cha mikate, zamu ya usiku. Tuliishi pamoja, tulipika pamoja, majirani walituona mke na mume, nami nilijiona mume.

Kosa langu lilianzia hapo. Kichwani nilikuwa nimebeba sheria ya nyumbani. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka 2 au zaidi, na watu wakawachukulia kuwa ni mke na mume, basi inadhaniwa wameoana. Ni dhana, mtu anaweza kuipinga, lakini ipo. Kule kwa Wajerumani haipo. Mnaweza kuishi miaka 20 na kugombea blanketi moja. Bila cheti cha ndoa, hamjaoana.

Mimba ilipofika mwezi wa saba tulikwenda Jugendamt, yaani ofisi ya ustawi wa watoto na vijana, nikakiri ubaba. Hilo unaweza kulifanya kabla mtoto hajazaliwa, mama sharti akubali, na pale ofisini hulipii. Nilikuwa na cheti changu cha kuzaliwa cha RITA, ofisi ya vizazi na vifo ya kwetu, kimetafsiriwa na kugongwa mihuri, nimekibeba kwenye bahasha kama yai. Nikasaini. Yule bibi wa ofisi akatabasamu, akauliza jambo jingine. Kijerumani changu wakati ule kilikuwa cha kununulia nyanya. Niliokota neno moja refu tu. Mwenzangu alikuwa na miguu iliyovimba, akajibu kwa upole kitu ambacho baadaye nilielewa: tutakuja siku nyingine kwa hilo.

Siku nyingine haikufika. Hakuna aliyenificha. Tulikwenda kula keki.

Hilo neno refu lilikuwa Sorgeerklärung, tamko la malezi ya pamoja. Ndiyo karatasi ya pili. Ya kwanza inasema wewe ni baba. Inakupa jina kwenye cheti, inakupa wajibu wa matunzo, na mtoto anakuwa na haki ya kuonana nawe. Ya pili ndiyo inayosema mtoto atasoma wapi, atapasuliwa na daktari yupi, atahamia mji gani, mtaamua wawili. Bila hiyo, na bila ndoa, malezi yote kisheria ni ya mama peke yake. Haijalishi wewe ni Mjerumani au Mmakonde. Niliposikia hivyo nilipata nafuu ya ajabu, maana nilikuwa nimeshajiandaa kulia ubaguzi.

Tuliachana 2017. Sababu ni zetu, hazihusu hadithi hii. Miezi michache baadaye nilikwenda kumchukua Mama siku yangu ya kawaida, nikakuta kwenye kisanduku cha barua jina la watu wengine. Binti na mama yake walikuwa wamehamia kaskazini, mwendo wa treni saa sita. Nikakimbilia ofisini na ile karatasi yangu ya ubaba. Afisa akaisoma, akanieleza polepole kama anayemlisha mtoto uji: mama ameshachukua hati inayothibitisha kwamba hakuna tamko la pamoja lililosajiliwa. Kwa hati hiyo anaweza kumhamisha mtoto na kumwandikisha shule bila saini yako. Kumbe hata kutokuwepo kwa karatasi kuna karatasi yake.

Usiku ule nilimpigia mjomba, Mikindani. Nikamweleza yote: kwamba huku sheria inasema mtoto ni wa mama, jina la mama, kauli ya mama. Kimya. Halafu nikasikia anacheka hadi anakohoa.

"Mpwa wangu, umesafiri mbali kote huko ukaenda kukutana na Wamakonde?"

Kwa asomaye haya asiyetoka kusini: kwetu, kwa asili, mtoto anahesabiwa ukoo wa mama, na mwenye kauli ni mjomba. Siku hizi dini, shule na mji vimechanganya mambo, lakini wazee bado wanajua nani anaitwa kwanza kukiwa na shauri. Baba yangu mwenyewe alikuwa akisubiri neno la mjomba kabla hajanipeleka popote. Mimi nililelewa ndani ya mfumo huo bila kulalamika, nikaja kuulilia Ulaya.

Alipomaliza kucheka akauliza, "Mtoto ana mjomba?"

Anaye, kaka wa mama yake, yupo Hamburg.

"Umezungumza naye?"

Nikamwambia huku mambo hayaendi hivyo. Akasema, "Hujajaribu, unajuaje?" Akakata simu, salio lake lisiishe, ingawa nilipiga mimi.

Nilimwandikia yule kaka. Barua ya ukurasa mmoja, nikasaidiwa sarufi na Mturuki wa zamu yangu. Alijibu kwamba yeye hana mamlaka yoyote katika jambo hili, na kisheria alisema kweli. Ila aliongeza kwamba atamwambia dada yake kuwa nimeandika kwa heshima.

Mahakama nayo nilikwenda, tena hili vijana walishike. Zamani baba asiye na ndoa, mama akikataa kusaini, mlango ulikuwa umefungwa. Mwaka 2009 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika shauri la Zaunegger, ikasema huo ni ubaguzi. Mwaka 2010 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani nayo ikaikataa sheria hiyo, na tangu Mei 2013 baba anaweza kuomba mwenyewe katika mahakama ya familia. Mama wa mtoto asipotoa sababu za kupinga, kwa kawaida anapewa malezi ya pamoja. Asiye na kipato cha kutosha anaweza kuomba serikali imbebee gharama. Mtoto anaweza kupewa mtetezi wake mwenyewe, asiye wa baba wala wa mama. Yule aliyeteuliwa kwetu alikuja chumbani kwangu, akakaa sakafuni, akataka kujua Mama akilala hukumbatia nini. Nilijua: taulo la njano. Akaandika.

Mama yake alitoa sababu. Alisema huyu bwana hajibu barua. Ilikuwa kweli. Barua za chekechea, za daktari, za bima, zote nilizipanga vizuri kwenye boksi la viatu nikisubiri siku nitakayozielewa. Hakimu akaliona lile boksi. Malezi ya pamoja sikupata, kwa sababu wazazi wasioweza kuwasiliana hawawezi kuamua pamoja. Kuonana nilipata. Miezi ya mwanzo kwa uangalizi, kwenye chumba cha michezo chenye vikaragosi ukutani, kwa kuwa tulikuwa hatujaonana muda mrefu. Baadaye wikiendi moja ndiyo, moja hapana.

Siku ya kwanza mlango ulifunguliwa, na aliyemshika Mama mkono alikuwa mjomba wake. Alikuwa ametoka Hamburg asubuhi hiyo.

Kibali changu cha kuishi kule nacho kilisimama juu ya huko kuonana. Mzazi wa mtoto Mjerumani anaweza kupewa kibali hata bila haki ya malezi, mradi uhusiano na mtoto uwe wa kweli, unaonekana. Na matunzo hayasubiri lolote kati ya haya. Usipotoa, serikali humlipa mama kwanza kisha ikakufuata wewe.

Nilirudi 2022, mama yangu alipopooza upande mmoja. Siku hizi Mama ananipigia kila Jumapili saa tisa alasiri ya kwao, ambayo kwangu ni saa kumi, na wakirudisha saa zao nyuma mwezi wa kumi inakuwa saa kumi na moja. Kila mwaka siku hiyo nasahau, nakaa saa nzima nikiitazama simu.

Kijana alinisikiliza mpaka geti likapoa. Akaomba nimwandikie lile neno. Sikuwa na kalamu, nikaliandika kwa chaki juu ya bati, vinukta viwili juu ya a visisahaulike, akalipiga picha.

Nikamuuliza, "Mchumba wako ana kaka?"

"Wawili."

"Namba zao unazo?"

Akaangalia simu yake, kama vile zingeweza kuwemo.