Siku ya 41

Kwa miaka kadhaa nilikuwa na daftari dogo ambalo hakuna mtu aliyelijua. Kila jioni nilitia humo alama ya siku niliyoimaliza bila kumfokea mtu wa nyumbani mwangu, kwa kuwa hasira, na hasa ulimi unaotumwa na hasira, ndiyo dhambi niliyoitubu mara nyingi kuliko nyingine zote. Safari moja nilifika siku ya 40. Siku ya 41 nilimfokea mwanangu kwa sababu ya kitabu kilicholowa maji, nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, na usiku ule nikafungua ukurasa mpya na kuanza tena na 1.

Asiyewahi kulirudia kosa moja kwa miaka huenda asijue kwamba kinachochosha zaidi ni kuirudia sala ile ile. Mara ya kwanza mtu hutubu kwa machozi, na machozi hayo humpa ujasiri. Mara ya kumi machozi hayaji. Mara ya mia huona haya hata kutamka "nisamehe", kwa kuwa anajisikia akisema maneno ambayo yeye mwenyewe hayaamini tena. Nami nilijitungia dawa: kila nilipoanguka nilikaa siku 3 au 4 bila kuomba wala kufungua Biblia, na Jumapili ya Meza ya Bwana ikinikuta katika hali hiyo niliacha mkate na kikombe vinipite, nikingoja uchafu ukauke kwanza ndipo nisogee. Niliuita unyenyekevu. Leo nauona kuwa kiburi, maana nilikuwa najitoza adhabu ili nikirudi nije na malipo kidogo mkononi.

Aya iliyonitikisa ni Luka 17:4, ambapo Yesu anasema kwamba ndugu akikukosa mara saba katika siku moja, na kurudi mara saba akisema ametubu, umsamehe. Nilikuwa nimeisoma siku zote kama amri kwa aliyekosewa, hadi nilipoitazama kwa upande wa yule anayerudi. Mtu aliyekosa asubuhi, akatubu, akakosa tena kabla ya adhuhuri, na kufikia jioni anabisha hodi mara ya saba, toba yake inatia shaka. Mimi ningemwambia aende kwanza akaonyeshe matunda. Yesu haitoi ruhusa hiyo. Wanafunzi waliuona uzito wa agizo hilo, ndiyo maana walijibu kwa kuomba waongezewe imani. Je, Mungu atatudai sisi rehema ambayo yeye mwenyewe hana?

Tena yapo maneno aliyoambiwa Petro kabla hajakana: "Nimekuombea wewe ili imani yako isitindike; nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako." Kutindika ni neno la kale kidogo, nalo ni kupungua hata kwisha. Bwana alijua kwamba Petro ataanguka usiku ule ule, na alichomwombea ni kwamba anguko lisimmalizie imani. Kurudi kwake kulitajwa kabla ya jogoo kuwika, na kazi ya baadaye akapewa papo hapo.

Kanisa lenyewe halikufika hapa bila ugomvi. Wakati wa mateso ya Kaisari Decius, Wakristo wengi walitoa dhabihu kwa miungu ili waokoe maisha yao. Novatian, kasisi wa Roma, alishikilia kwamba watu hao wasirudishwe katika ushirika, na mwaka 251 akawekwa kuwa askofu wa kumpinga Cornelius, askofu wa Roma, ambaye alikubali kuwapokea baada ya toba. Wafuasi wa Novatian walijiita Wasafi. Mtaguso wa Nisea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, uliwataka makasisi wao waliotaka kurudi waahidi kwa maandishi kwamba watashirikiana na walioanguka wakati wa mateso. Huwa najiuliza ningesimama upande gani, na daftari langu linanijibu.

Najua pingamizi la msamaha wa namna hii, na Paulo alilijua kabla yetu: tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi? Hasha. Lakini nilichokiona kwangu ni kinyume cha nilichokiogopa. Zamani, zile siku 4 za kumkwepa Mungu ndizo nilizofoka zaidi, kwa sababu mtu aliyekwisha kujihesabu kuwa amepotea hana tena cha kulinda. Kurudi upesi kumefupisha anguko. Hakujaliondoa.

Jambo la mwisho nililipata kwa mzee mmoja wa kanisa, ambaye nilimweleza habari yote baada ya kuzungukazunguka kwa wiki kadhaa. Nilitarajia maombi au karipio. Aliniuliza tu, "Na mtoto umemwomba msamaha?" Nilikuwa nimetubu mbele za Mungu pengine mara mia, wala sijawahi hata mara moja kumwendea yule niliyemuumiza. Niligundua kwamba toba yangu yote ilikuwa inahusu rekodi yangu: ni mimi niliyevunja mfululizo, ni mimi niliyerudi kwenye 1. Mtoto hakuwamo daftarini.

Wiki mbili zilizopita nilifoka tena. Saa moja haikupita nikaenda chumbani kwake, nikaketi sakafuni, nikamwambia kwamba nimekosa na kwamba yeye hakustahili maneno yale. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama nimeshamwambia Mungu. Nikamjibu kwamba bado, nilikuwa nimeanzia kwake. Akashuka kitandani, akapiga magoti kando yangu, akaningoja nianze.