Jason kapelekwa angani, sasa tumuogope vipi?

Asee kuna muvi ukiona posta yake tu unajua wenyewe walishaishiwa. Jason X ndo ya kumi kwenye mfululizo wa muvi za kutisha wa Friday the 13th, imetoka Marekani 2002, na stori yake ni kwamba Jason, lile jitu la barakoa ya hoki linaloua watu, linagandishwa kwa baridi, linasahaulika huko, halafu linakuja kuokotwa na kuamka mwaka 2455 ndani ya chombo cha anga kilichojaa wanafunzi na profesa wao mwenye tamaa ya hela. Dunia yenyewe imeshachafuka watu wameihama. Mimi nimewekewa kwenye flashi na jamaa mmoja hapa mtaani kwetu Chikongola, kaisifia kwelikweli, na tukakaa sebuleni mimi na mdogo wangu wa kidato cha tatu, taa tumezima kabisa ili tuogope vizuri.

Hatukuogopa.

Na sio kwamba muvi haina kitu. Kuna kifo kimoja mwanzoni mwanzoni pale, Jason ndo kwanza anayeyuka mezani, dada wa maabara kampa mgongo anaendelea na kazi zake, jamaa anainuka taratibu anamkamata kichwa anamzamisha uso kwenye naitrojeni ya maji yenye baridi kali, akimtoa uso umekuwa mgumu kama jiwe, anaubamiza kwenye kaunta unapasuka vipandevipande. Hapo mdogo wangu alisema "eeh!" akavuta miguu juu ya kochi. Mimi mwenyewe nikasema sawa, sasa tumeanza.

Kumbe ndo ilikuwa imeisha hivyo. Baada ya hapo ni kukimbizana kwenye korido zinazofanana, wanajeshi wana mibunduki wanakufa mmoja mmoja kwa uzembe, kila mtu ana utani mdomoni hata mwenzake akiwa kachomwa sasa hivi, na kuna roboti wa kike anapigana karate na kumimina risasi mpaka Jason anakatika mkono, mguu, kichwa. Halafu mashine ya matibabu inamshona upya kwa chuma, barakoa ya chuma, macho mekundu. Hapo ndo walinimaliza. Jason alikuwa anatisha kwa sababu ni mtu mkubwa, kimya, kavaa kitu cha kawaida cha michezo na kashika panga, basi, hana kingine, we unakimbia yeye anatembea na bado anakufikia. Ukimvika chuma anakuwa adui wa kwenye gemu.

Ila tatizo kubwa ni sehemu. Hii hadithi toka 1980 inaishi kwenye kambi ya Crystal Lake, ziwa, msitu, giza, vijana wamelewa hawajui nani kasimama nyuma ya mti. Mtu wa kwetu huku hahitaji maelezo, aliyewahi kupita shamba la mikorosho usiku anajua, yale majani makavu yanalia chwaka chwaka na unasimama ili usikilize kama ni miguu yako peke yako au kuna mwingine. Jason ni wa hapo. Humo kwenye chombo taa zinawaka kila mahali na kuna kompyuta inawaambia watu jamaa yuko wapi, sasa mimi niogope nini? Na cha ajabu anga lingeweza kutisha maana hakuna pa kutorokea, mlango ukifungwa umefungwa, ila dairekta Jim Isaac na wenzake walichagua kuchekesha.

Ushahidi wanao wenyewe ndani ya muvi. Mwishoni mwishoni wanataka kumzubaisha Jason, wanamtengenezea Crystal Lake ya kompyuta, ghafla kuna miti, hema, wasichana wawili wanamkaribisha na bia, anawaingiza kwenye mifuko yao ya kulalia na kumpiga mmoja kwa kumtumia mwenzake (wale wa muda mrefu watakumbuka kifo cha mfuko kwenye ile ya saba ya 1988). Ndo sehemu tamu kuliko zote! Yani mmesafiri miaka mia nne na ushee mbele, mmetoka duniani kabisa, na sini inayobamba ni ile mliyorudi porini.

Na sio Jason peke yake, hii ya kukimbilia angani ni ugonjwa wa muvi nyingine za kutisha pia, Critters walipelekwa 1992, Hellraiser 1996 na dairekta wake akaomba jina lake litolewe, Leprechaun naye akafuata. Hakuna hata moja ambayo ningekuazima flashi yangu.

Jason X iliingiza kama dola milioni 17 dunia nzima. Mwaka uliofuata, 2003, wakamrudisha jamaa duniani akapambane na Freddy, yule muuaji wa muvi za A Nightmare on Elm Street, ziwa likarudi, hela zikapita milioni 100. Ila Kane Hodder, aliyemcheza Jason muvi nne mfululizo na ndo mtu pekee humo angani aliyefanya kazi yake, yale mabega yanavyopanda akivuta pumzi, hawakumwita, wakamchukua mwingine. Walioandika stori ya kumpeleka angani ndo wangeachwa nyumbani.