Bomba la mvua lililoziba kwa ukoko

Kwetu Mbezi tunaoga maji ya kisima kirefu, na ni maji magumu: sabuni haitoi povu, ndoo zinaota ukoko mweupe. Bomba la mvua lilikuwa linatoa nyuzi tatu tu, moja ikipiga ukutani. Nilisugua kwa stilwaya mpaka bomba likachubuka (kosa langu hilo), ukoko upo palepale.

Mama mkwe ndiye aliyeniambia, "Mwanangu, hiyo chokaa haisuguliwi, inayeyushwa." Nikatia siki nyeupe kwenye mfuko mtupu wa maziwa, nikauvisha bomba, nikafunga kwa mpira wa nywele. Vipovu vikaanza kupanda. Asidi ya siki inaila chokaa hiyo. Asubuhi nikazibua matundu kwa sindano, nikafungulia: mvua kamili!

Vigae nilivipaka siki na maji nusu kwa nusu, dakika 15, kisha mswaki mkuukuu. Dawa ya klorini sikuigusa siku ile. Ikikutana na siki inatoa gesi ya sumu, na kidirisha cha bafu letu ni cha kiganja.

Sasa nyuma ya mlango kunaning'inia mpira wa kukaushia maji. Anayeoga wa mwisho anafuta ukuta. Mara nyingi ni mimi.