Umepasua Wangapi?

Tangu Jumanne neno la karani wa hospitali moja ya binafsi jijini Kampala halijanitoka moyoni. Nilimwuliza kwa adabu iwapo daktari wao bingwa wa ubongo amewahi kutoa uvimbe uitwao meninjioma kama huu wa mama, ulioota kwenye utando wa ubongo na kuubana mshipa wa fahamu wa jicho la kushoto. Akauliza, "Bima yenu ni ipi?" Nikajibu kwamba hatuna. "Basi, dada, anza na fedha. Maswali ya daktari yatafuata."

Shule imefunguliwa, mdogo wangu amejifungua salama, nami bado nalisikia jibu lile. Kaka Wekesa, aliyehamia Bungoma nchini Kenya, anasema kwao bima ya afya ya serikali, SHA, ilichukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, Oktoba 2024, na mgonjwa huulizia kwanza ni daktari gani anayeipokea. Hapa Uganda hatuna hata kadi ya kuulizia: Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya ya taifa Machi 2021, lakini haujawa sheria. Ni kweli kwamba hospitali za serikali ziliondoa ada mwaka 2001, isipokuwa katika wodi za kulipia, na hilo limeokoa wengi; hata hivyo, asiyelipa amezoeshwa kunyamaza, kana kwamba uzoefu wa atakayemfungua fuvu haumhusu. Mama mwenyewe alinishika mkono kwenye foleni ya Mulago, hospitali kuu ya serikali: "Mwanangu, usimwulize daktari amepasua wangapi. Atatuona wajeuri."

Nilimwuliza. Daktari aliinua filamu za MRI, yaani picha za ubongo wa mama, kwenye mwanga, kisha akamgeukia mama, wala si mimi: "Mama, ni haki yako kujua. Nimewatoa wengi uvimbe wa aina hii, lakini huu umegusa mshipa wa fahamu wa jicho, kwa hiyo nitaingia pamoja na mkubwa wangu." Akamweleza kwamba aina hii kwa kawaida hukua polepole na mara nyingi si saratani. Mama, aliyenikataza kuuliza, akauliza mwenyewe kama atanyolewa nywele zote, kisha kama ataendelea kuona. Sijamsikia akiongea kwa sauti ile tangu macho yaanze kufifia.

Sasa tunasubiri kitanda katika chumba cha wagonjwa mahututi. Vidonge vyake vya kuzuia kifafa vinakaribia kwisha, duka tulilozoea halina, na daktari alisisitiza asikose hata dozi moja.